Ukurasa wa Mti wa Garas

Harufu ilianza Jumatatu saa saba mchana, na Garissa kila mtu anajua kwamba jua la utosi lina wenyewe, majini. Ofisi ya misitu ilikuwa tupu. Wenzake wameenda kuswali adhuhuri na kujilaza kidogo, Mwiti, bwana misitu kutoka Meru, amebaki peke yake na chapati yake. Stoo ikatoa harufu ya mti mbichi uliokatwa sasa hivi, na humo stoo mlikuwa na makaratasi tu.

Makaratasi yenyewe yalikuwa ya marehemu Profesa Ndirangu, mmoja wa walimu wa mwanzo wa elimu ya misitu, yaliyoletwa na familia yake yatunzwe: barua, ramani, madaftari ya safari. Kila mti mkubwa aliupa ukurasa wake, na chini wazee wa mahali wakatia dole gumba. Ukurasa wa mti wa garas wa njia ya Modogashe ulisema usiguswe, chini yake kuna makaburi.

Sasa mti haupo na ukurasa haupo. Mkandarasi wa barabara aliutaka mti uondoke, mkubwa wa ofisi akamwahidi Mwiti uhamisho wa Meru mambo yakinyooka, basi Mwiti akauchana ukurasa. Aliyefukuzwa ni Ramlo, mtunza stoo, eti kapoteza nyaraka. Mwiti alikuwepo siku hiyo. Mwanamume mzima, akainamia droo akijifanya anatafuta kalamu.

Jumanne harufu ikaja na mlio wa shoka. Jumatano akafungua stoo, akalikuta daftari wazi sakafuni, pale palipochanwa panavuja utomvu, na ukutani alama za dole gumba, mbichi, zikijipiga moja baada ya nyingine pasipo mkono, zikishuka ukuta, zikipita mlangoni, zikimfuata arudipo nyuma, mpaka akahisi kidole cha baridi kimemkandamiza midomo.

Ofisini wakasema ni uchungu wa Ramlo umeleta jini. Alhamisi Ramlo akaitwa asomewe Kurani na Sheikh Noordin mbele ya ofisi nzima. Mwiti akainamia droo tena.

"Mimi hapana tuma jini," Ramlo alisema polepole. "Mimi nataka jina yangu safi tu."

Sheikh akasoma. Ramlo alitulia tuli. Aliyeanza kutetemeka ni Mwiti, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mzee, Kisomali safi, yeye ambaye miaka minne alijua kuomba chai tu. Ilisema kwa muda mrefu. Mkubwa wa ofisi akatoka nje bila kuaga.

"Nimesema nini?" Mwiti aliuliza alipozinduka.

Billow, dereva, hakumtazama. "Umesema yote, bwana. Mpaka ile ya kalamu."

"Mzee ametoka," Sheikh akasema. "Alikuwa na lake, amelisema. Sasa sema lako."

Ramlo akamgeukia Mwiti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Mwiti kwa aibu. "Sema, walaal, ndugu yangu," alimwambia taratibu. "Mimi nasikiza."

Neno lenyewe la kuomba radhi ni fupi, mtoto wa chekechea analijua. Ulimi ulikuwa wake sasa, mzima, haushikwi na yeyote.

"Siku ile," Mwiti akasema, "joto lilikuwa kali sana."

Ramlo akachukua mkoba wake, akaenda zake.