Gari Lisilotoa Moshi

"Ng'ombe wawili sokoni," sauti ya Mkuu ilimnong'oneza sikioni. "Mmoja ana mimba. Tumeruhusiwa kununua mmoja tu."

"Nimekupata," alijibu Barafu.

Alikuwa chooni, pembeni mwa uwanja wa ndege uliostaafu, akifunga zipu ya ovaroli ya udereva iliyouficha uaskari wake.

Ng'ombe walikuwa nje wakinguruma. Mustang mbili za mwaka mmoja, moja nyeupe, moja nyekundu, mali ya muuza magari aliyeitwa Sukari. Mimba ilikuwa kasha la madini ya risasi, limefichwa chini ya buti ya mojawapo. Ndani ya kasha mlikuwa na kipande cha mionzi kilichoibwa kwenye mashine ya saratani ya hospitali kuu. Kuna watu ng'ambo waliokuwa wakikisubiri, na hawakuwa madaktari.

Mara mbili polisi walimvamia Sukari, mara mbili walitoka mikono mitupu. Hakimu akachoka. Safari hii alitoa kibali cha kupasua gari moja. Wakikosea, lingine linapaa kwa ndege.

Barafu alipita katikati ya magari akijifanya kukagua matairi. Saa yake ya Casio ilikuwa na kipimo cha mionzi. Haikulia. Kasha la risasi halivujishi siri.

Mashine ile ilipoibiwa moyo wake, dada yake Barafu alikuwa katikati ya matibabu. Walimzika Jumamosi. Mkuu alimwambia apumzike, naye akakataa. Wenzake wakasema ndiyo maana anaitwa Barafu. Hawakujua kwamba tangu makaburini alikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, ila huu ulikuwa mwili mzima. Chakula, usingizi, bunduki, vyote sawa tu.

Kitu kimoja kilikuwa bado kinapenya. Msibani alikuja mwanamke wa kitanda cha jirani wodini, kichwani skafu ya njano. Alimshika mkono.

"Baba, mashine itarudi lini? Mimi ndiye niliyekuwa namfuata dada yako kwenye foleni."



"Wewe dereva," Sukari aliita kutoka kwenye kiti chake chini ya mwavuli. "Mbona una uso wa maiti? Umelala kweli?"

"Nimelala, bosi."

"Basi amka. Leo tunataka kujua lipi linachomoka zaidi, jeupe au jekundu."

Sukari hakutaka kujua lolote. Alihitaji kibali cha kutua kwa ndege ya mizigo ya kuyabeba magari, na kibali kilitolewa kwa ajili ya mashindano. Bila mbio, hakuna ndege. Chama cha mbio kilimtuma mkaguzi, bibi mfupi mwenye saa ya kupimia shingoni na kofia iliyokuwa imeona jua jingi.

Barafu alipewa jeupe. Jekundu lilichukuliwa na Mbavu, mlinzi wa Sukari, mtu aliyeujaza mlango akiingia.

Bendera ikashuka.

Barafu alikanyaga. Matairi ya nyuma yalizunguka palepale yakilia, moshi ukajaa kwenye vioo. Jekundu lilikuwa limeshaondoka, kimya, kama limesukumwa kwa mkono.

Katikati ya lami alilifikia. Kwenye koni za mwisho walipita bega kwa bega.

"Sare," Mkuu alisema sikioni. "Lenye mzigo si lingechelewa?"

"Wameiongezea injini nguvu."

"Kwa hiyo hatujui kitu."

"Jekundu halikutoa moshi."

"Fafanua."

"Injini kali, nyuma hakuna uzito, tairi lazima ziteleze. Zisipoteleza, kuna kitu kimezikalia."

"Au Mbavu ana mguu mzuri kuliko wako."

"Inawezekana," alisema Barafu.

Sukari alikuwa ameshasimama, akimwonyesha mkaguzi mahali pa kusaini. Angani kulikuwa na mngurumo wa mbali.

"Bado, mwanangu," alisema bibi. "Hawajabadilishana."

"Kubadilishana nini tena, mama?"

"Magari. Dereva mzuri hulisemea gari uongo. Ulinganisho wa upande mmoja mimi siusaini."

"Mama, ndege ile inatua."

"Bila sahihi yangu itatua kwenye nini?"

Sukari alimtazama Mbavu. Mbavu alitazama viatu vyake. Katika mipango yao yote hawakukumbuka kuuliza jinsi magari yanavyolinganishwa.

"Haya. Fanyeni haraka," alisema Sukari.

Kiti cha jekundu kilikuwa bado na joto la Mbavu. Bendera ikashuka, Barafu akakanyaga vilevile, kwa mguu uleule.

Hapakuwa na moshi. Gari lilikaa chini, likang'ata lami, likaondoka.

"Mwekundu ndiye mwenye mimba," alisema. "Naja naye. Fungueni lango."

Koni zilimpita. Hakugusa breki.

Mbavu alielewa akiwa amechelewa, lakini gari lake lilikuwa jepesi. Jeupe lilikua kwenye kioo, likafika ubavuni. Dirisha likashuka. Bastola ya Beretta ikachungulia.

Barafu aliitazama kama mtu anavyotazama tangazo la duka. Hapo ndipo alipojitisha mwenyewe, kwamba haogopi. Kisha akaikumbuka skafu ya njano.

Akazungusha usukani kidogo.

Uzito nao una faida yake. Jekundu liliegemea, jeupe likaruka nje ya lami, likazunguka kwenye nyasi, likazima. Risasi moja ilitoboa paa.

Langoni Land Cruiser tatu za polisi zilimpisha. Nyingine zilikuwa zimeshamzunguka Sukari na mwavuli wake. Ndege ilizunguka mara moja, haikupewa ruhusa ya kutua, ikageuza.

Fundi wa mashine kutoka hospitali alilala chini ya gari na tochi. Alipotoka alikuwa analia.

"Ni chenyewe. Mashine itawaka wiki ijayo."

Mkuu alimpiga Barafu begani. "Mtu anakuelekezea bastola, hata hupepesi macho. Una nini wewe?"

Barafu alitembea kuelekea barabarani, akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo. Iliita mara mbili ndipo akatambua ni ya nani.

"Haloo," ilikuwa sauti ya mume wa dada yake.

"Shemeji. Nilitaka... imepatikana. Nilikuwa nampigia yeye. Mazoea tu."



"Najua," alisema shemeji. "Na mimi naichaji simu yake kila asubuhi. Sijui kwa nini."

"Namba ya yule mama wa skafu ya njano imo humo?"

"Imo."

"Mpigie. Mwambie yeye ndiye anayefuata."

Alikata simu, akaendelea kutembea. Waliobaki langoni waliona mgongo ulionyooka na mkono mmoja mfukoni, wakasema yule jamaa ana roho ngumu. Uso wake hawakuuona.