Dirisha Lililoachwa Jeupe

Ngazi za ukumbi wa maigizo zilijaa watu, huyu kabeba mavazi, yule taa. Seremala alikuwa akipanda na mbao begani alipokutana uso kwa uso na dada mwenye gauni la kijani lililorukiwa na rangi, kashika karatasi kwa mikono miwili kama sinia.

"Pisha, kaka. Bado mbichi."

"Basi irudishe jikoni," seremala akamtania.

Dada akacheka. Seremala akachungulia, akashusha mbao. Kwa rangi za maji tu, palikuwa na chumba wakati wa alfajiri, na ukungu kana kwamba unapumua mlangoni. Moyoni akamshukuru Mungu kwa kumpa macho.

Ndivyo walivyoanza. Dada alichora mandhari ya jukwaa, seremala akayajenga. Mchana walikula pamoja, jioni simu zikawa moto, na mafundi wenzao wakawaita maharusi.

Siku moja mchoraji alimwachia picha apime vipimo. Seremala akaona dirisha ni jeupe, tupu. Akadhani mpenzi wake kasahau kwa uchovu. Akachukua brashi, akalijaza buluu, kwa mapenzi kabisa.

Mchoraji alipoiona hakupaza sauti. "Hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Mwanga wangu ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika, basi tena."

Siku nne hakupokea simu. Seremala alimwomba Mungu, akanunua karatasi na rangi, akajaribu kuchora dirisha lile. Kila mara maji yalimponyoka, mwanga ukazama. Akaanza kumheshimu upya. Kumbe mpenzi wake hutembea ukingoni mwa kuharibu hivyo kila siku.

Siku ya tano akamtumia ujumbe: njoo ukumbini, ukitaka kunifukuza, unifukuze hapo.

Mchoraji alikuja kakunja uso. Chumba chake kilikuwa kimesimama jukwaani, na dirishani seremala hakupaka chochote; alikata ubao, akatandika kitambaa chembamba, akaweka taa nyuma. Alfajiri ikaingia. Hata mafundi waliacha kugonga nyundo. Mchoraji akapanda, akaweka kiganja kwenye ule mwanga, machozi yakimlengalenga.

"Nimeharibu karatasi kumi na moja," seremala akasema. "Sikujua unafanya kitu kigumu hivi. Nisamehe, mpenzi."

Mchoraji akafuta macho.

"Jumapili uje nyumbani. Mama anataka kumwona aliyeninyima usingizi."

"Nikiulizwa nimefuata nini?"

"Sema umekuja kuposa. Mimi nitakuwa jikoni, nikijifanya sisikii."