Mikono ya Upande Mmoja

Duka la fundi Nashon Ouko lilikuwa Noonkopir, Kitengela, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya soko. Kila asubuhi alitoa cherehani nje kwenye baraza. Alifagia vipande vya jana, akatundika kioo kirefu ukutani, kisha akaketi kushona. Malori ya mchanga yakipita, alifunika nguo za watu kwa shuka. Diwani aliahidi kuleta lami kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi alibaki kwenye picha tu, zile zilizobandikwa ukutani, na mvua ilikuwa inamfuta sura kidogo kidogo.

Nashon alikuwa amefiwa na mke. Mkewe alifariki katika wodi ambayo daktari wake alikuwa ameenda semina. Tangu hapo Nashon hakuwaamini watu wenye ofisi. Alibaki na mtoto mmoja, Adero, aliyekuwa kidato cha tatu. Nashon mwenyewe aliishia darasa la tano. Tumaini lake lote lilikuwa kwa huyo msichana.

Ijumaa moja ya mwaka 2004, Adero alifika dukani kutoka shuleni kabla ya saa nne asubuhi. Aliweka mkoba chini na kusimama.

"Baba, tumefunga likizo fupi, mpaka Jumatatu."

"Na hiyo sura?"

"Mwalimu mkuu ametuambia kwenye paredi, mbele ya shule nzima. Walioanguka hesabu watafanya mtihani mwingine Jumatatu. Ukianguka tena, unarudia kidato cha tatu. Ama mzazi akutafutie shule nyingine."

"Na wewe uko kati ya hao?"

"Niko."

Nashon alijua maana ya kurudia. Sheryl, binti wa jirani wa mlango wa tatu, aliambiwa arudie mwaka uliopita. Aliona aibu kukaa na watoto wadogo, akaacha shule. Sasa alikuwa anafulia watu nguo kule Matasia.

"Hawa watu hawataki kufundisha," Nashon alisema. "Wanataka jina la shule ling'ae. Mtoto akiwa mzito, wanamtoa nje ili asiwaharibie. Ni hesabu gani hiyo imekushinda?"

"Transfomesheni. Kugeuza maumbo. Unapewa umbo, unaambiwa ulisogeze, ulizungushe, uliakisi kama kwenye kioo, ulikuze. Mwalimu anachora ubaoni, anafuta. Mimi sioni kitu kikigeuka. Naona namba tu."

Nashon alitaka kumsaidia, lakini hata hayo maneno hakuyajua.

"Mimi Jumatatu siendi," Adero alisema polepole. "Nifundishe kushona, baba. Hesabu imenikataa."

Neno hilo lilimchoma. Lakini kazi ilikuwa imemzidi siku hiyo. Kwaya ya akina mama kutoka Kajiado ilikuwa imempa kitambaa cha magauni na cha vilemba. Walitaka kuyavaa siku ya kufungua kanisa lao. Yeye alikuwa amekata miili ya magauni, bado mikono. Na alitakiwa kwenda Kajiado kupima akina mama wawili ambao hawakuweza kuja.

"Basi leo kata mikono," alisema. "Karatasi ya kukatia ni hii. Ifuatishe kwa chaki, ukate. Usiharibu kitambaa. Angalau cherehani haina mambo ya hesabu."

Alirudi jua likiwa limeshuka. Mikono ilikuwa mezani, imepangwa vizuri. Adero alikuwa amekata bila mkasi kuyumba. Nashon alifurahi kidogo. Alichukua mkono mmoja, akaupima kwenye gauni upande wa kushoto. Ulikaa sawa. Alichukua mwingine kwa upande wa kulia. Haukukaa. Tao la mbele lilienda nyuma. Alichukua mwingine, na mwingine. Yote ilikuwa ya kushoto.

Tena kitambaa chenyewe kilikuwa na picha za taa za mafuta. Nusu ya mikono ilikuwa na taa zilizosimama. Nusu nyingine, taa zilikuwa zimesimama kwa kichwa.

Nashon aliketi juu ya ndoo. Kama kingekuwa kile kitenge cha nta, ambacho mbele na nyuma ni sawa, angeugeuza mkono akaushona. Hiki kilikuwa na uso mmoja tu. Mgongo wake ulikuwa mweupe. Na kiongozi wa kwaya, Mama Kuntai, angekuja kesho kuona kazi.

"Nimefanya nini, baba?" Adero aliuliza.

Nashon aliirudisha mikono mezani. Alichoogopa si kitambaa peke yake. Kama shule imemkataa na cherehani imemkataa, huyu mtoto ataenda wapi?

Hapo akaingia Madam Mbeke. Alikuwa jirani yao kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, akifundisha hesabu katika shule ya mchana kule Isinya. Alikuja kuchukua sketi yake.

"Hodi, fundi. Mbona mmekaa kama watu wa kusubiri polisi?"

"Angalia mwenyewe kazi ya mtoto mliyemfundisha."

"Mimi sijamfundisha."

"Wenzako. Nyinyi walimu ni kitu kimoja. Serikali inawalipa mkae kivulini."

"Siku serikali itakaponilipa vizuri nitakuambia," Madam Mbeke alisema. Alichukua mkono mmoja, akautazama. Akachukua wa pili. "Na hizi taa zinaangalia chini? Si zitawamwagia akina mama mafuta?"

Adero aliinamisha kichwa. "Nilipindua karatasi ili nisipoteze kitambaa. Ukiweka moja imetazama juu na nyingine chini, zinabanana vizuri."

"Hiyo ni akili," Madam Mbeke alisema. "Hiyo inaitwa kuzungusha nusu duara. Na hii mingine?"

"Hiyo nilisukuma tu karatasi mbele, nikachora tena."

"Hiyo ni kusogeza. Sasa niambie. Kwa kusogeza na kuzungusha, ulipata mkono wa kulia hata mmoja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Adero aliigeuza ile mikono mezani. Nashon naye alisogea karibu. Alijua kwamba imeharibika, lakini hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Madam Mbeke aliweka kiganja chake cha kushoto mezani. "Kisogeze mpaka Athi River, bado ni cha kushoto. Kizungushe utakavyo hapa mezani, bado ni cha kushoto. Njoo mbele ya kioo. Inua mkono wako wa kushoto. Yule msichana kwenye kioo ameinua upi?"

Adero alisimama mbele ya kioo kirefu. Akainua mkono wa kushoto.

"Kama angekuwa mtu, ni wa kulia."

"Ni hivyo. Kusogeza na kuzungusha havibadilishi upande. Kuakisi peke yake ndiko kunageuza kushoto kuwa kulia. Fundi, wewe hukata mikono namna gani?"

"Mimi?" Nashon aliona haya kidogo. "Nakunja kitambaa, uso kwa uso. Nakata mara moja. Inatoka ya kushoto na ya kulia pamoja. Sikumwambia. Mikono yangu inafanya yenyewe."

"Pale unapokunja ndipo kioo chako. Mkunjo ni mstari wa kioo. Nukta iliyo umbali fulani upande huu, mwenzake yuko umbali ule ule upande ule."

Madam Mbeke aliomba karatasi ya grafu kutoka kwenye mkoba wa Adero. Akaikunja kwenye mstari wa katikati, ule unaopanda juu. Akatoboa kwa pini, akaikunjua. Matundu yakawa mawili.

"Soma."

"La kwanza liko tatu kulia, mbili juu," Adero alisema. "La pili liko tatu kushoto, mbili juu."

"Kipi kimebadilika?"

"Kulia imekuwa kushoto. Juu imebaki juu." Aliweka kidole kwenye tundu la pili. "Madam, ndiyo maana ile tatu inawekewa alama ya kutoa?"

"Ndiyo maana."

"Mbona hakuna mtu aliyesema hivyo?"

"Muulize mwalimu mkuu," Nashon alidakia.

"Fundi, wacha mtoto afikirie," Madam Mbeke alisema. Akaweka karatasi ya mkono juu ya grafu, akaishikilia kwa pini mahali pamoja, akaizungusha. "Hapa kwenye pini ndipo kituo. Ukizungusha nusu duara kwenye kituo cha grafu, pale mistari mikuu inapokutana, kulia inakuwa kushoto, na juu inakuwa chini. Ndiyo maana taa zako zimesimama kwa kichwa."

"Na kukuza?" Nashon aliuliza. Sasa alitaka kujua mwenyewe. "Kuna siku nilitoa gauni la mama kwenye gauni la mtoto. Nikafanya urefu mara mbili na upana mara mbili. Nikanunua kitambaa mara mbili, hakikutosha."

"Chora mraba," Madam Mbeke alimwambia. "Sasa chora mwingine wenye upande mara mbili. Mdogo unaingia mara ngapi ndani ya mkubwa?"

Nashon alichora kwa chaki juu ya meza. Alihesabu. "Mara nne."

"Basi kitambaa ni mara nne."

Nashon alishika shavu. "Kumbe yule aliyeniuzia kitambaa, niliyemtukana, hakuniibia."

Adero alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Lakini hofu haikuisha. Kesho yake asubuhi Mama Kuntai alifika, shanga zikimlia shingoni.

"Supa, mama," Nashon alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Nguo zangu ziko wapi?"

Nashon alifungua mdomo, lakini Adero akatangulia.

"Mama, ni mimi niliyeharibu. Nilikata mikono yote ya kushoto. Lakini nimefikiria. Mlituachia kitambaa cha vilemba vikubwa. Tukikichukua kile, mikono ya kulia itatosha. Ile ambayo taa zimepinduka tutaishona kuwa tepe za kichwani. Tepe haina juu wala chini; ukiizungusha nusu duara, taa zinasimama."

Mama Kuntai aliwatazama wote wawili. Alivua mkufu wake mpana, akauweka mezani. "Hii nilitengeneza mimi. Unaona rangi ya huku? Na huku iko. Nikikosea upande mmoja, nafumua. Silii." Akaugeuza kidogo. "Vilemba virefu vilikuwa vinatupa joto hata hivyo. Lakini nikiona mkono wa kushoto kulia, nitakuja na wamama wote hapa."

"Hutaona," Adero alisema.

Alikuwa ameuinamia ule mkufu. Alifuata rangi kwa kidole kutoka katikati, huku na huku. "Baba, huu nao una mkunjo, na haujakunjwa."

Mchana huo Madam Mbeke aliwapeleka kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, la kijana anayeitwa Brayo, karibu na soko. Adero alichora mkono wa gauni kwenye kompyuta. Akabonyeza mahali pa kuakisi, umbo likageuka. Akabonyeza mahali pa kuzungusha, likazunguka. Kila mara, kabla ya kubonyeza, Madam Mbeke alimwambia aseme nukta itaangukia wapi. Mwanzo alikosea. Baadaye alipata. Kisha alipata tena bila kufikiria sana.

"Kwani shuleni hamna hivi vitu?" Nashon aliuliza.

"Ziko, baba. Zililetwa na mheshimiwa. Tulipiga makofi, tukapigwa picha nazo. Zimefunikwa kwa vitambaa. Chumba hakifunguliwi, zisiharibike."

Nashon alitikisa kichwa. Yeye angefunika cherehani yake hivyo, wangekula nini?

Jumatatu alimsindikiza Adero. Hakuweza kurudi dukani. Alisimama nje ya lango la shule, kisha akachuchumaa, kisha akasimama tena. Askari wa lango alimwambia, "Mzee, mtihani unafanya wewe ama msichana?" Nashon alifikiria Sheryl na mabeseni ya Matasia. Alifikiria namba zinavyoweza kumkimbia mtu akiogopa.

Alasiri watoto walitoka. Adero alikuwa wa mwisho, mwalimu mkuu akiwa nyuma yake na karatasi mkononi.

"Wewe ndiye mzazi?" mwalimu mkuu aliuliza. "Amepita. Ataingia kidato cha nne. Alichora vizuri sana. Ni nani aliyemfundisha?"

Nashon alitaka kusema asante aondoke haraka, kabla hawajabadili mawazo. Ndipo akawaona wasichana watatu wameketi kwenye ngazi, nyuso kwenye magoti.

"Na wale?" aliuliza.

"Wale watarudia."

"Watarudia kusomeshwa vile vile?"

Mwalimu mkuu alikunja uso. "Mzee, utawala wa shule una utaratibu wake."

"Najua. Utaratibu wenu ni kufunika kompyuta na kufukuza watoto. Fungua hicho chumba Jumamosi. Mimi nitakuja na mkasi na karatasi. Jirani yangu ni mwalimu, nitamwomba. Uwape mtihani mwingine mwezi ujao. Wakianguka, wafukuze, na mimi sitafungua mdomo."

Mwalimu mkuu hakukubali siku hiyo. Nashon alirudi kesho yake. Alirudi tena keshokutwa na wazazi wengine, na Mama Kuntai akiwa mbele. Mbele ya wazazi wengi, mwalimu mkuu alikubali, chumba kikafunguliwa.

Jumamosi wasichana walikunja karatasi, wakatoboa kwa pini, wakasoma nukta. Walipanga shanga za Mama Kuntai pande mbili za uzi. Kisha wakajaribu kwenye kompyuta, huku Madam Mbeke akiwauliza kabla ya kila kubonyeza. Mwezi uliofuata, wote watatu walipita.

Lakini siku yenyewe ambayo Nashon huisimulia ni ile Jumamosi ya kwanza. Alikuwa amesimama mbele ya darasa, mara ya kwanza maishani mwake. Akawaeleza kwamba mkono wa nguo lazima ukatwe wa kushoto na wa kulia. Msichana mmoja akainua kidole, akavuta fulana yake.

"Fundi, mkono wa hii fulana hauna mbele wala nyuma. Huu wa kushoto ukiuleta kulia, si unaingia tu?"

Nashon aliutazama. Kweli ungeingia. Miaka yote ameshona, na hakuwahi kujiuliza hilo. Aligeuka kumtafuta Madam Mbeke, lakini alikuwa ametoka nje.

Adero alisimama kwenye dawati la nyuma.

"Ukunje huo mkono katikati," alimwambia mwenzake. "Nusu mbili zimelingana?"

"Zimelingana."

"Basi una mstari wa kioo ndani yake wenyewe. Ukiuakisi, unapata ule ule. Ndiyo maana hauna kushoto wala kulia."

Wote wakaanza kukunja mikono ya nguo zao. Nashon alivuta kiti akaketi mbele, pamoja na wanafunzi.

"Endelea, mwalimu," alimwambia binti yake. "Hapo hata mimi nataka kusikia."