Kahawa Iliyoruka Kinuni

Kitu cha kwanza alichokiona Anyes kilikuwa kamba. Stendi ya Bariadi asubuhi ile ilijaa watu, magunia ya mpunga na kelele za wapiga debe, lakini macho yake yalitua kwenye sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Kwao Kimali, wilayani Meatu, watu hufunga mizigo kwa katani au kwa mpira wa tairi. Kamba hii ilisukwa vizuri kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani.

Kisha akamwona mwenye sanduku. Kijana mrefu, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingoni, viatu vyeusi ambavyo vumbi la Simiyu lilikuwa limeshavimaliza.

"Dada, samahani. Chai naweza kupata wapi hapa?"

Anyes aliutazama mfuko uliokuwa begani kwake, akayatazama mabasi, akaitazama tena ile kamba.

"Nifuate," alisema, kwa sauti ndogo mno.

"Umesema?"

"Nifuate, kaka."

Akampeleka kwenye mgahawa wa Mwatima, mama mnene wa Tabora mwenye ushungi wa maua na ulimi usiolala. Mwatima aliuona ule mfuko begani kwa Anyes, akafungua kinywa, akakifunga, akamtupia aproni.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alimwambia kijana. "Wewe yako umeifunga sandukuni. Watoka wapi, baba?"

"Bukoba, mama. Naitwa Ansbert. Nimekuja kusoma utabibu."

"Basi ndizi zako ziage. Hapa ni ugali. Anyes, mpe mgeni chai."

Nje, basi moja lilipiga honi kwa kirefu, likaondoka. Anyes alikuwa anamwongezea mgeni sukari bila kuulizwa, kijiko juu ya kijiko.

Mapenzi yao hayakuanza siku hiyo. Yalikuja polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kisima kilichochimbwa kiangazi. Ansbert alizoea kunywa chai pale kila Jumamosi. Mwaka wa pili akaanza kupiga simu hata siku ambazo si Jumamosi.

"Umekula, kipenzi?"

"Mm."

"Umenikumbuka?"

"Mm."

"Anyes, hiyo 'mm' yako naikatia vocha! Sema hata neno moja."

"Neno," alijibu Anyes, na Ansbert akacheka mpaka wenzake bwenini wakamrushia mto.

Likizo kabla ya muhula wa mwisho, Anyes alimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Mama yake aliituma kutoka Kimali. "Wape nyumbani," Anyes alisema tu, akaangalia chini. Ansbert akasafiri nayo hadi kwao.

Aliporudi Bariadi alipitia mgahawani moja kwa moja kutoka stendi, suruali yake ya kaki imekunjamana kwa safari, uso unang'aa. Akamwekea Anyes mkononi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba.

"Mama amekutumia. Mimi nawahi chuoni kujisajili. Ukikifungua, nitapiga simu unijibu."

Ndani mlikuwa na punje za kahawa zikiwa na maganda yake, nyeusi, zinanukia moshi na majani fulani. Anyes alizitazama kwa muda. Mama mkwe mtarajiwa anamtumia msichana wa mgahawani kahawa. Kwa nini? Akapata jibu moja tu: anataka kujua kama nina mikono ya kazi.

Basi akavaa khanga kiunoni, akatoa kinu. Alitwanga kwa moyo wote. Maganda yalikuwa magumu, punje zikawa zinaruka kinuni na kukimbilia chini ya meza. Akachemsha, akatia tangawizi, akagawa bure kwa wateja ili sifa ziwe za mama wa Ansbert.

"Mh!" Mwatima alikunja uso. "Kahawa gani hii, mwanangu? Kama nanywa jiko."

Jioni simu ikaita.

"Umefungua?" Sauti ya Ansbert ilikuwa inatetemeka kidogo.

"Nimefungua."

"Sasa? Nimwambieje mama?"

"Mwambie imekwisha yote." Anyes alijikaza aongee zaidi, maana leo alikuwa na la kujivunia. "Nimeitwanga, nimewapikia wateja. Madereva wa bodaboda wamekunywa mpaka mashapo."

 Anyes alidhani mtandao umekata.

"Wateja," Ansbert alisema hatimaye. "Sawa. Nimeelewa. Wabeja." Akakata.

Wabeja ni asante kwa Kisukuma. Anyes ndiye aliyemfundisha neno hilo, na hakuwahi kulisikia likiwa baridi namna ile.

Jumamosi ikapita bila Ansbert. Simu hakupokea. Muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu, na kila mtu alijua kwamba kutoka hapo ni mafunzo ya hospitali, mtihani, kisha mtu anaondoka Bariadi kama alivyokuja.

Jumapili Mwatima akachoka kumwona binti anafuta meza ileile. Alipoingia Rogasian, afisa ardhi aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera, alimwita kabla hajakaa.

"Baba Bukoba, njoo utusaidie. Huko kwenu mtu akikutumia kahawa yenye maganda, unaifanyaje?"

"Unatafuna."

"Haipikwi?"

"Ipikwe! Hiyo ni ya kutafuna, mama. Mgeni akifika nyumbani tunamwekea kiganjani. Anayeipokea amepokelewa." Akaona uso wa Anyes. "Nani kakutumia?"

"Mama wa Ansbert."

Rogasian akavua miwani. "Basi, mdogo wangu, huyo mama amekufungulia mlango. Wewe umefanyaje?"

 Anyes alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, anatafuta.

Huku chuoni, Ansbert alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya bweni, mbele ya kamba za nguo zilizoanikwa makoti meupe. Alikuwa na hasira iliyoanza kuchakaa. Alijaribu kuikumbuka miaka yake ya chuo bila Anyes, ili ajizoeze, ikamshinda. Mwaka wa kwanza, ugali wa mtama ulipomkaba na akataka kurudi kwao, ni nani aliyemtafutia ndizi mbichi za kupika? Alipofeli anatomia akajificha wiki nzima, nani aliyemtumia ujumbe wa maneno mawili, "Chai ipo"? Alipoanza mazoezi ya wodini, mabibi wa vijijini walimwangalia tu. Anyes akamfundisha kuinama kidogo na kusema "Mwangaluka, mayu", yaani umeamkaje, mama, na kungoja. Kungoja ndiko kulikowafanya wafungue vinywa. Vitabu vilimpa mengi, na walimu aliwashukuru. Lakini moyo wa kukaa hapa mpaka avisome, huo ulitoka kwenye meza moja karibu na stendi.

"Ansbert! Una mgeni!" wenzake walipiga kelele. "Mgahawa umehamia chuoni!"

Anyes alikuwa amesimama penye kona ya bweni. Gauni la kitenge cha bluu, kilemba cha kitambaa hichohicho, mikono miwili imefumbwa kifuani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka geti lile. Msichana aliyeishia darasa la tano aliamini geti la chuo lingemuuliza swali.

Alikuja, akakaa mwisho kabisa wa benchi. Akafumbua mikono. Kwenye kipande cha jani la mgomba kulikuwa na punje za kahawa, chache tu, zimeoshwa.

"Hizi ziliruka kinuni," alisema. "Sikujua, Ansbert. Nilidhani mama anataka kuona kama ni mchapakazi. Rogasian ndiye kaniambia. Nilitwanga kwa kumheshimu."

Ansbert alimtazama, akazitazama punje. Midomo ikaanza kumcheza.

"Usinicheke."

"Sikucheki wewe. Unajua mama yangu aliifanyaje michembe yako?"

"Aliipika?"

"Alidhani ni mizizi ya dawa ya Kisukuma! Aliichemsha, maji akampa baba anywe asubuhi na jioni. Vipande akatupa migombani."

"Mayu!" Anyes alijiziba mdomo. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa mjomba. Narudi, namkuta baba anatembea wima, anasema mgongo umepona, anaulizia dozi nyingine. Ningeanzia wapi?"

Walicheka mpaka Anyes akaegemea bega lake bila kujua. Alipojua, hakuondoka.

"Basi nisamehe na mimi," Ansbert alisema taratibu. "Nilikasirika haraka, kabla ya kukuuliza. Kesho naanza muhula wa mwisho, kipenzi. Nimekaa hapa nawaza miaka yangu yote, kila ninapogusa, upo. Nataka nikimaliza nije Kimali na wazee wangu, tukuombe. Lakini miaka yote mimi ndiye ninayesema. Sijui hata moja la moyoni mwako. Tangu siku uliyonikamata stendi kama mpiga debe, hujaniambia kitu."

Anyes alichukua punje moja akamtia mdomoni. Akachukua nyingine, akaitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna. Ilikuwa chungu, kisha ikawa na ladha ya moshi, kisha kitu kizuri asichokijua jina.

"Sikukukamata," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia. Hata wenzake waliokuwa wanaanua makoti waligeuka. Hakunyamaza.

"Siku ile sikuwa natafuta wateja. Nilikuwa na tiketi ya basi la Meatu. Nilikuwa nimemuaga Mama Mwatima, narudi nyumbani, kwa sababu watu wa mjini walinicheka nikiongea. Ukaniuliza chai. Wewe uliyekuja na sanduku lako lote, umepotea, ukaniuliza mimi. Basi lilipiga honi nikiwa nakumiminia, Ansbert. Nililisikia. Nikakuongezea sukari."