Kitambaa cha Tatu

Siku za likizo Spana aliamka kabla ya kuamshwa. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa kuwa alipoandamana na mama yake kazini, spana haikumtoka mkononi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake alikuwa fundi wa mabomba. Fundi kwelikweli, si wa kubahatisha.

Siku hiyo waliitwa zahanati. Hita ya maji ilikuwa imekufa, na sinki la kuoshea vyombo vya wagonjwa lilikuwa limeziba.

"Mimi nitapambana na hita," mama alisema. "Sinki nakuachia wewe, peke yako."

Loo! Spana alivimba kichwa. Aliweka ndoo chini ya sinki, akafungua kile kikombe cha chini kinachonasa uchafu, akakikwangua mpaka kikang'aa. Bomba la ukutani lililobaki wazi alilisokomeza kitambaa chekundu kuzuia harufu, kama alivyofundishwa. Vitambaa vilikuwa vitatu, vyote vyekundu ili visisahaulike, na kila walipomaliza kazi mama aliuliza na Spana akahesabu.

"Spana! Njoo uone, maji yanatoka moto!" mama aliita kutoka chumba cha pili.

Spana akafunga kikombe harakaharaka. Alifungulia maji kidogo tu, akaona yanashuka, akatoka mbio.

"Vitambaa?" mama aliuliza, akifunga begi.

"Vitatu!" Spana alijibu bila hata kutazama.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Sinki limefurika, sakafu nzima maji! Mama alibeba begi wakaondoka mbiombio.

Walimkuta muuguzi mkuu amefura kwa hasira, mbele yake mfagizi, mama mtu mzima, ameshika ndoo na kitambaa cha kupigia deki.

"Umemwaga uji tena kwenye sinki!" muuguzi alifoka. "Nimekuonya mara ngapi? Leo ndiyo mwisho wako hapa!"

"Haki ya Mungu, dada, sikumwaga kitu," mfagizi alisema, machozi yakimlengalenga.

"Fungua, Spana," mama alisema. "Sinki ni lako."

Spana aliweka ndoo chini ya sinki, akapiga magoti. Akatoa kikombe, maji yakamwagikia ndooni. Kitambaa chekundu kilikuwa kimekaa palepale kwenye bomba la ukutani, kimelowa chepechepe. Alikivuta haraka na kukifumbata. Mgongo wake ulikuwa umewakinga wote wasione.

Akafunga kikombe, akafungulia bomba. Maji yakashuka yote.

"Hongera, fundi mdogo!" muuguzi alisema. Kisha akamgeukia mfagizi. "Umeona? Ni uji wako huo. Kachukue vitu vyako."

Mfagizi aliweka ndoo chini. Spana alihisi kitambaa kinamchuruzikia maji mkononi. Mfuko wa suruali ulikuwa karibu kabisa.

"Si yeye!" alisema kwa nguvu, akafumbua mkono. "Ni mimi. Nilikisahau hiki jana. Na nilimwambia mama nimehesabu, kumbe sikuhesabu. Nisamehe, mama. Nisamehe, shangazi."

Muuguzi aliinamisha uso, kisha akamshika mfagizi bega. "Nimekukosea. Nilikuhukumu bila kuuliza. Tafadhali, usiondoke."

Mfagizi alifuta machozi, akacheka kidogo. "Siondoki. Ila huyu mtoto wenu, mtunzeni."

Spana alimtazama mama yake, akingoja kugombezwa. Mama alikuwa anatabasamu.

"Jana nilijivunia mikono yako," alisema. "Leo najivunia moyo wako, tena mara kumi. Na mimi nina langu kosa: nilikuuliza, sikutazama. Mwanangu, fundi yeyote anaweza kusahau kitambaa. Lakini anayekificha na kumwacha mwenzake alaumiwe, huyo asiingie nyumba ya mtu na spana. Wewe utaingia popote."

Walimsaidia mfagizi kukausha sakafu. Kisha mama akashika zipu ya begi.

"Vitambaa?"

Spana alivitandaza sakafuni kimoja kimoja, kichwa juu.

"Vitatu, mama. Njoo utazame."

Mama akachuchumaa, akatazama.