Nimeijaribu Mwenyewe

Jumanne asubuhi mashine ya kuchapishia ilitoa karatasi moja, na hakuna mtu aliyeiagiza. Mke, ambaye ni fundi cherehani na hushonea sebuleni, aliisikia ikikohoa kwenye chumba cha kazi cha mumewe, akadhani mumewe yumo. Kumbe yuko bafuni, sabuni imemjaa machoni.

"Baba Kasuku, unachapisha nini asubuhi yote hii?"

"Sichapishi kitu!" alijibu kwa sauti kutoka huko ndani.

Kasuku ni binti yao wa miaka minane. Alipewa jina hilo kwa sababu neno lolote ukilisema mbele yake, utalikuta mtaani limekutangulia. Lakini saa ile alikuwa shuleni, kwa hiyo safari hii hakuwa na kesi ya kujibu.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu tu.

*Jumatatu, saa 11:20 jioni. Mume, peke yake: Mungu wangu.*

*Jumatatu, saa 11:21 jioni. Mume, peke yake: Si walisema hawatunzi kitu?*

*Jumatatu, saa 11:26 jioni. Mume, peke yake: Kesho. Nitaandika kesho.*

Mume aliisoma akiwa amejifunga taulo, maji yakimchuruzika mgongoni. Aliikunjakunja mkononi, akasema mashine imeanza uzee. Mkewe alirudi kwenye cherehani chake. Alikuwa na gauni la mteja la kumaliza, na mashine mbovu si jambo la kumtoa mtu kitini.

Hapa lazima nieleze kazi ya bwana huyu, maana ubaya wote ulianzia hapo. Majirani walimwita Mpimaji. Aliandikia tovuti moja inayopima huduma za mtandaoni, na sehemu yake ilikuwa VPN, zile huduma za kuficha nyayo zako: unapita ndani yake, na anayekutafuta mtandaoni hajui uko wapi wala unafanya nini. Kila huduma aliipa alama tatu, ya bei, ya faragha na ya usalama. Na chini ya kila ukurasa kulikuwa na kisanduku kidogo ambacho mwandishi alitakiwa kukitia alama ya vema: *Nimeijaribu mwenyewe.*

Kuna huduma moja aliipa nyota tano kwa bei, tano kwa faragha, tano kwa usalama. Bei aliiangalia kweli. Faragha na usalama aliyanakili kwenye tangazo la kampuni yenyewe, kwa sababu siku ile Kasuku alikuwa na homa na mhariri alikuwa akipiga simu kila baada ya nusu saa. Kisha akatia vema kwenye kisanduku. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Wiki moja baadaye msomaji aliandika chini ya ukurasa ule. Alijiita Mama Mapacha.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimehama na wanangu wawili na kuna mtu anatutafuta. Ni mtu anayeijua sana kompyuta, na akitupata hatutapona. Hii huduma kweli haitunzi kumbukumbu? Naomba jibu la kweli, tafadhali."

Naye Mpimaji akajibu, huku akila mkate: "Ondoa shaka, dada. Nimeijaribu mwenyewe."

Miezi minne ikapita. Kisha bei ya huduma ile ikapanda mara tatu, kimya kimya, kwa kila aliyemaliza mwaka wake wa kwanza. Wasomaji wakalalamika, na Mpimaji akalazimika kuifungua upya. Jumatatu ile, kwa mara ya kwanza, akaijaribu kweli. Aliiandikia kampuni akiomba nakala ya kumbukumbu zake, akitegemea kuambiwa hazipo. Faili likaja baada ya dakika sita. Kila mahali alipoungana na mtandao, mtaa na jengo, hata namba ya mlango, saa na dakika, vyote vimeandikwa. Na kilichomkausha mate si kwamba lilikuwepo. Aliliomba kwa kuandika anwani ya barua pepe tu. Hawakumuuliza yeye ni nani. Mtu yeyote anayeijua anwani yako angeweza kuliomba.

Alilichapisha lote, kurasa thelathini. Akafikiria Mama Mapacha. Jibu moja la mstari mmoja chini ya swali lake lingetosha, kwa kuwa tovuti hupeleka taarifa kwenye simu ya aliyeuliza. Alimpigia mhariri kwanza.

"Ukurasa ule usiuguse kabisa," mhariri alimwambia. "Ndio unaotulisha wote. Na wewe si uliandika umeijaribu? Utawaambia nini watu sasa?"

Ndipo aliposema kesho.

Jumatano kilianza kitu kingine. Mke alikuwa akiongea na dada yake kwa simu, sindano mdomoni, akasikia nyuma ya ukuta sauti ndogo ya ta-ta-ta, mfano wa kucha zinazogonga meza. Aliponyamaza, nayo ikanyamaza. Aliposema "Haloo, bado upo?" ikagonga kidogo, kiasi kile kile cha maneno aliyosema. Kisha ikaja harufu ya waya unaoungua, na ndani yake harufu ya nywele. Alichomoa pasi. Alichomoa na cherehani. Harufu haikupungua.

Mchana karatasi ikatoka. Mume ndiye aliyeiokota.

*Jumatano, saa 5:40 asubuhi. Mke, kwa dada yake: Wangu ana kasoro zake, anakoroma na hajui kukunja shuka. Lakini kusema uongo hajui, hilo namshukuru Mungu.*

Aliisoma mara mbili. Hakuna tusi ambalo lingemuuma hivyo. Akaketi kwenye kompyuta akiwa amekata shauri, akafungua ukurasa, akaishusha nyota ya bei kutoka tano hadi nne. Ya faragha hakuigusa. Akajiambia huo ni mwanzo.

Alhamisi akasema ukurasa ukirekebishwa inafaa urekebishwe vizuri, na jedwali la kulinganisha bei za mwezi, za mwaka na za miaka miwili. Alishinda kwenye jedwali hilo mchana kutwa. Karatasi zilikuwa zikitoka nyuma yake moja baada ya nyingine, naye anazikusanya bila kuzisoma na kuzitia kwenye droo. Alijua anachokifanya. Mtu anayejipa kazi ndogo ili asifanye kubwa anajua, nami sitamtetea.

Ijumaa jioni walikaa mezani watatu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, kwa sababu kila neno lilikuwa na mwangwi wake ukutani. Kasuku, ambaye hajawahi kunyamaza tangu ajifunze kusema, alikuwa amebana midomo kwa vidole. Baada ya muda akamvuta mama yake kitambaa.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu anatuandika."

"Nyamaza, mwanangu. Kula."

"Sijasema kitu tangu nirudi, na bado anaandika."

Na kweli, meza ilikuwa kimya, hakuna aliyetafuna, hakuna aliyevuta kiti, lakini kule chumbani ta-ta-ta ilikuwa inakwenda bila kupumzika, ikisogea kutoka ukuta wa chumba hadi ukuta wa ukumbi, kutoka ukumbi hadi nyuma ya kabati la vyombo, na ile harufu ya nywele zinazoungua ikisogea pamoja nayo, hadi ikafika nyuma ya kiti cha mume na kusimama hapo, karibu kiasi kwamba alihisi joto shingoni, na mashine, ambayo waya wake yeye mwenyewe aliuchomoa asubuhi na kuuweka juu ya kabati, ikakohoa na kuanza kutoa karatasi ambayo haikuishia kwenye trei bali ilianguka sakafuni na kuteleza chini ya mlango mpaka miguuni kwa mke.

Mke aliiokota.

*Ijumaa, saa 1:15 usiku. Mtoto, moyoni: Baba ndiye aliyemwita.*

*Ijumaa, saa 1:15 usiku. Mke, moyoni: Kuna kitu ananificha.*

*Ijumaa, saa 1:15 usiku. Mume, moyoni: Kesho.*

"Baba Kasuku," mke alisema. "Kesho kuna nini?"

Mume akaanza kukusanya sahani. Usiku ule walilala watatu kitanda kimoja, nguo zimo mwilini.

Jumamosi mchana mke alimleta mganga. Jina alilopewa na wateja wake lilikuwa Mama Miwani, na kabla ya kuingia kwenye uganga alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, akiandika maneno ya mashahidi. Alibisha hodi, akavua viatu, akakataa kiti. Hakuwa na ubani wala hirizi, ila kalamu sikioni. Alisikiliza ukuta, akanusa, kisha akaomba karatasi zote. Alizisoma polepole akilamba kidole kila ukurasa.

"Mwandiko safi," alisema. "Hili jini si la kutumwa, baba. Hili ni karani, kama mimi. Linakaa mahali watu wanapoapa kwamba hakuna kinachoandikwa. Sasa niambie, wewe uliapa nini?"

"Mimi? Sijaapa kitu, mama. Mimi napima huduma tu."

Ta-ta-ta, ukuta ukaandika. Mama Miwani akatabasamu bila furaha.

"Umeona? Linakusubiri umalize maelezo. Karani hafukuzwi, baba. Hata ukihama, atahama na jalada lako. Anaondoka shahidi akishasema kweli mbele ya watu, basi."

Mume alimtazama mkewe. Akataka kuanza na mhariri, na homa ya mtoto, na kampuni iliyoandika uongo kwenye tangazo lake. Kila alipoanza hivyo harufu ilizidi hata macho yakawaka. Mwishowe akakaa sakafuni.

"Sikuijaribu," alisema. "Nilitia vema nikasema nimeijaribu. Kuna mama mmoja ana watoto mapacha, amejificha, akaniuliza mimi, akaniambia tafadhali. Nikamwambia aondoe shaka. Na tangu Jumatatu najua si salama, na sijamwambia, kwa sababu naona haya."

Mke aliweka mkono mdomoni. Hakulia. "Mwandikie," alisema. "Sasa hivi. Nimesimama hapa."

Akaandika: "Dada, nilikudanganya. Sikuijaribu. Inatunza kila kitu na inampa yeyote anayeomba. Izime, hama hapo ulipo leo hii. Nisamehe." Akatuma. Akafuta nyota zote.

Ukuta ukanyamaza. Harufu ikatoka dirishani taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano wakasikia watoto wa jirani wakicheza nje. Mama Miwani alikuwa ameshavaa kiatu kimoja mashine ilipokohoa tena.

*Alhamisi, saa 10:05 alasiri. Nyumba nyingine. Mtoto wa kwanza: Mama, kuna mtu anabisha.*

*Mama Mapacha: Msifungue. Hakuna anayejua tuko hapa.*

*Mtoto wa pili: Ni baba. Ananiita.*

*Mama Mapacha: Haiwezekani. Yule kaka alisema ameijaribu mwenyewe.*

Mume alizivuta karatasi alizoziacha Mama Miwani, akapekua za Alhamisi ambazo yeye hakuzisoma. Aliipata. *Saa 10:05 alasiri. Mume, peke yake: Kwanza nimalizie jedwali la bei.*

"Anakaa wapi?" mke alimshika bega. "Tuwapigie polisi. Mtaa gani?"

"Sijui. Alikuwa amejificha."

Kisha akakumbuka kwamba njia ipo. Anwani ya barua pepe ya kila anayeuliza swali ilikuwa kwenye kompyuta yake. Akaifungua ile huduma, akaandika anwani ya Mama Mapacha, akaomba kumbukumbu zake kana kwamba yeye ndiye. Baada ya dakika sita faili likaja. Hawakumuuliza yeye ni nani.

Mtaa ulikuwepo, na jengo, na namba ya mlango. Mke akaanza kuwasomea polisi kwenye simu, akitamka kila neno mara mbili. Mume alibaki na mwisho wa faili, mistari miwili ambayo hakuna jini lililoiandika.

*Jumatano, saa 3:10 asubuhi: nakala ya kumbukumbu imetumwa kwa mwombaji.*

*Alhamisi, saa 10:05 alasiri: mawasiliano yamekatika.*

Mke alikata simu, akaja kusimama nyuma yake, akaisoma ile mistari. Alihesabu siku kwa vidole, kama anavyofundishwa Kasuku.

"Wewe ulijua Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

Na ukutani, bila haraka, kitu kikaliandika neno hilo.