Maji Ndani ya Picha

Asubuhi ile Efrazia alikwenda kwenye ghala la kijiji kuangalia picha, kama watu wote wa Kenyamonta. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, na mlangoni wanawake walikuwa wanachekana kwa kujiona ukutani. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mafuriko yazoe nyumba za bondeni, na mwenyekiti Waitara alitaka wageni wa wilaya waone jinsi kijiji kilivyosimama tena: watu wakifyatua matofali, wakiezeka, wakilima shamba la ujamaa bega kwa bega. Picha zote alizipiga Athumani, mpiga picha wa mjini Mugumu.

Kasoro ilikuwa moja. Athumani alifika kijijini maji yakiwa yameshakauka, hivyo hakuwa na picha ya maafa yenyewe. Waitara, mtu asiyekosa jawabu hata pasipo na swali, aliamuru watu watatu walale kwenye korongo walimookotwa marehemu, wamwagiwe maji, wapigwe picha kama maiti. Chini kabisa alilala mzee Heche, ambaye mkewe aliokotwa pale pale. Juu yake kidogo, kwenye mteremko, alilala Rubeni, mgambo. Juu zaidi alilala Veronika, binti pekee wa Efrazia. Efrazia mwenyewe ndiye aliyempaka tope mashavuni, na walicheka sana.

Haukupita muda Heche akafa kitandani. Uzee, watu walisema. Kisha akafa Rubeni, kijana wa kubeba gunia peke yake, na waliomwosha walisema maji ya tope yalimtoka puani. Hapo watu waliacha kusema. Na tangu jana Veronika alikuwa anakohoa.

Sasa Efrazia alisimama mbele ya picha ile. Aliitafuta sura ya Heche, hakuiona. Maji yalikuwa yamemfunika. Ya Rubeni pia hakuiona. Kwa Veronika, maji yalikuwa kiunoni.

"Athumani," aliita kwa sauti ya chini. "Siku ile mlimwaga maji kiasi gani?"

"Ndoo mbili, Mama Veronika. Mchanga uliyanywa kabla sijapiga."

"Na haya?"

Athumani alitazama. Akafuta miwani. Akatazama tena.

Efrazia alikimbia nyumbani. Veronika alikuwa ameketi kitandani, shuka imelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Haukuwa mkojo. Ilinuka mto.

"Mama," binti alinong'ona, "miguu yangu siisikii."

Aliporudi ghalani, maji ya pichani yalikuwa kifuani. Aling'oa picha ukutani. Waitara akamzuia mlangoni.

"Ndugu Efrazia, hiyo ni mali ya kijiji. Wageni wanakuja kesho."

Alimsukuma kwa bega, akaitupa picha kwenye moto wa wanawake waliokuwa wanapika nje. Moto ulizimika. Kuni zililowa. Picha haikuungua hata pembe, na maji yalikuwa shingoni. Waitara alirudi nyuma, akaacha kudai mali ya kijiji.

"Chukua kamera," Efrazia alimwambia Athumani. "Twende korongoni."

"Usifanye hivyo, mama. Wawili waliolala pale wameshakwenda."

"Ndiyo maana. Nataka nafasi ya Veronika."

Korongo lilikuwa kavu, mchanga wa moto. Efrazia alilala pale pale alipolala mwanawe. Alifumba macho. Aliogopa. Lakini hakuinuka.

"Piga."

Athumani alipiga.

Efrazia aliporudi nyumbani alimkuta Veronika jikoni, amechuchumaa, anakula kiporo cha ugali kwa pupa. Shuka ilikuwa imekauka. Efrazia alikaa chini kizingitini akalia, akasema ni moshi. Na kwenye picha ya ghalani, iliyorudishwa ukutani kwa ajili ya wageni, pale alipokuwa Veronika, palibaki mchanga mtupu.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Baada ya siku chache Athumani alikuja kutoka Mugumu na picha mpya ya korongoni, ameifunga kwa gazeti. Hakutaka kuingia ndani. Waliongea wamesimama nje ya uzio.

"Maji yamefika wapi?" Efrazia aliuliza.

"Kwenye vifundo vya miguu."

Hakutaka kuitazama. Alimshukuru, akamtakia safari njema. Kisha akamwita binti yake zizini, akamwambia leo atajifunza kumkamua yule ng'ombe mkorofi anayepiga mateke.

"Si ulisema mpaka nikue?"

"Nimebadili mawazo. Na kesho nitakuonyesha mbegu zilipo."

Alimshikisha kibuyu, wakachuchumaa. Veronika alinyoosha mkono kwenye chuchu, akasita. Alikuwa anatazama chini, njia yote aliyopita mama yake kutoka uzioni. Vumbi la kiangazi lilikuwa jeupe kila mahali, isipokuwa kwenye nyayo zake. Kila unyayo ulikuwa umejaa maji.

"Mama, umetoka kukanyaga wapi?"

"Kamua," Efrazia alisema.